Taka Tulizowatupia wa Upande wa Pili

Mke wangu akimwaga klorini chooni, mimi hutoka nje nikakae barabarani na malori. Siku za mwanzo aliniuliza kwa nini, nikamweleza, tangu hapo haulizi. Ile harufu ikishanipanda puani, sipo tena nyumbani kwangu. Nipo kwenye darasa letu la tatu, madawati yametolewa nje, nimelazwa kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati, chini ya tundu kuna ndoo. Ubaoni kuna hesabu za mwalimu ambazo hatukuzimaliza. Na kwenye kitanda cha pembeni yangu amelala mdogo wangu, Neema.

Waliingia wanaume wawili wenye mabuti. Mmoja alikuwa na bomba la mgongoni, lile la kupulizia kahawa, nilishaliona kwa babu kule Igamba, kwa hiyo nikadhani wamekuja kuua wadudu. Wakampulizia Neema. Walianzia miguuni, wakapanda taratibu hadi kwenye nywele ambazo Mama alikuwa amemsuka kwa ajili ya kanisani, kisha wakamviringisha kwenye nailoni. Mama alikuwa mlangoni. Aliomba amwoshe mtoto wake. Wakakataa. Akaomba basi amshike mguu tu.

"Mama, usitucheleweshe," mmoja akasema. "Tuna wengine."

Nje, nyuma ya kamba waliyofunga kuzuia watu, alisimama jirani yetu Mama Jeni na wanawake wengine. Nilisikia sauti yake kupitia dirishani, wala hakujisumbua kuishusha.

"Si walisema hawazoi? Haya, sasa wazoe na hicho."

Ndugu zangu mnaosoma, mimi si mtu wa kuandika. Darasa lile ndilo la mwisho nililokaa, na nililikalia nikiwa mgonjwa. Kazi yangu ni kushona turubai za malori hapa Tunduma, na sindano yangu ni kubwa kuliko kalamu yoyote. Lakini nimechoka kulisikia jambo hili likisemwa vibaya, na nimechoka zaidi kulinyamazia. Kwa hiyo nitalisema kama lilivyokuwa, nanyi mtanivumilia pale mkono utakapoteleza.

Mama yangu alikuwa mzoa taka. Enzi hizo mji wetu ulikuwa mdogo, barabara moja ya maana, soko, reli, na malori machache yanayosubiri kuvuka. Baba alikuwa kibarua wa reli, akiondoka anakaa huko porini wiki hadi wiki. Mama na wenzake walifagia soko kwa fagio za matawi walizozikata wenyewe, wakakusanya taka kwa toroli za chuma ambazo magurudumu yake yalilia kama mbuzi aliyekosa maziwa, halafu wakapakia kwenye tela la trekta. Trekta ndiyo iliyopeleka taka mbali, kwenye shimo nje kabisa ya mji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mikono ya Mama ilinukia kabichi iliyooza, hata akijipaka mafuta ya nazi kabichi ilikuwa juu.

Shuleni waliniita Mwana Jalala. Iliniuma, ila nisiwadanganye, cheo kile kilikuwa na faida zake. Hakuna mtoto mtaani kwetu aliyekuwa na lori la makopo kama langu. Makopo ya biskuti za Zambia, vifuniko vya soda, waya, kandambili za kukata magurudumu, vyote Mama aliniletea kwenye mfuko wa aproni. Wale wale walioniita Mwana Jalala mchana, jioni walikuwa wanapanga foleni kulisukuma lori langu. Neema ndiye alikuwa afande wa geti. Alishika kijiti, akiwasimamisha wote: "Umebeba nini? Fungua!" Hakuwa hata ameanza shule.

Kitu kingine mnachotakiwa kukijua ni maji. Tunduma na maji hawajawahi kupatana. Bomba la mtaani kwetu lilikuwa la kukalia tu, watoto tulilipanda kama farasi. Maji tulichota Zambia. Shangazi Ester, dada yake Baba, aliolewa upande wa pili, Nakonde, na uani kwake kulikuwa na kisima. Nyumba yake uliweza kuiona ukisimama nyuma ya choo chetu. Katikati kuna korongo, na ng'ambo ya korongo kuna jiwe la mpaka ambalo wanawake walianikia nguo. Asubuhi mtaa mzima ulishuka na ndoo, ukapita pembeni ya korongo, ukaingia nchi nyingine, ukachota, ukarudi. Askari alikuwa anatuuliza tu, "Mnakwenda kwa nani?" Tukajibu kwa pamoja, "Kwa Shangazi!" Hata wale wasiokuwa na undugu naye walisema kwa Shangazi.

Yeye na Mama walipenda kutaniana. Mama akifika na ndoo, Shangazi alisimama mlangoni na mkono kiunoni.

"Mulishani, wifi! Kwenu Tanzania bado hamjajifunza kuchimba?"

"Tunachimba nini, wifi, na kaka yako tulishamtolea mahari ya kutosha kwa kukubali kuishi naye? Maji ni fidia yangu."

Wakacheka mpaka ndoo ikamwagika. Yale maji yalikuwa ya baridi na matamu, nikiyakumbuka mpaka leo koo linataka.

Sasa huo mgomo. Mama na wenzake hawakuwa na buti wala glavu. Walizoa vichwa vya samaki, chupa zilizovunjika na vitu ambavyo siwezi kuviandika, kwa mikono mitupu, na mshahara ulikuwa wa kumfanya mtu acheke. Waliomba uongezwe. Wakaomba tena. Majibu yalikuwa ya kuja kesho. Basi asubuhi moja walifunga fagio zao pamoja kwa kamba, mzigo mmoja mkubwa kama kuni za msiba, wakauegemeza kwenye mlango wa ofisi ya mwenyekiti wa mji wetu, wakarudi nyumbani. Mlango ulifunguka kwa nje, kwa hiyo mwenyekiti aliyekuwa ndani akafungiwa na fagio. Mtaa ulicheka siku hiyo. Ni siku hiyo tu.

Mwenyekiti aliitwa Yoramu Sikaponda. Namtaja kwa jina na sitamung'unya. Alikuwa na duka la vipuri, shati jeupe muda wote, na sauti ya kuhubiri. Msaidizi wake kwenye mambo ya usafi alikuwa bwana afya Kalinga, mtu mwembamba aliyekuwa akitazama viatu vyake kila ukimuuliza swali.

Taka zilianza kupanda. Nyanya zilioza, ndizi zikawa uji mweusi, nzi wakaja kwa mafungu. Kila mtu akawa na lake la kusema. Wachuuzi wa sokoni walisema wazoa taka wana haki, mpaka biashara zao zilipoanza kulala, wakageuka. Muuza nyama alisema wanawake wale wameshiba. Fundi baiskeli alisema kama wameshiba basi naye aende akashibe huko kwenye toroli. Hata kanisani, baada ya ibada, watu walibaki nje wakizozana, na mchungaji akaogopa kusema lolote kwa sababu sadaka zilitoka pande zote.

Ndipo ukaitishwa mkutano uwanja wa mnada. Nilikwenda na Mama, Neema akiwa mgongoni kwake. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, Kiswahili chake kilikuwa na Kinamwanga kingi ndani, lakini siku ile wenzake walimsukuma, akasimama.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi naijua taka ya kila nyumba hapa. Na ya kwako naijua. Sisemi nimeona nini. Nasema tu anayekuzolea hiyo naye anakula ugali. Tupeni buti, tupeni mshahara wa kumfikisha mtu mwisho wa mwezi, kesho asubuhi fagio tunazichukua."

Watu wengine walipiga makofi. Mmoja nyuma akapaza sauti, "Mama, fagio unalo, shule huna! Unataka mshahara wa daktari?" Kicheko. Mama Jeni ndiye alicheka zaidi, na yeye shule alikuwa anaisikia kwa jirani.

Sikaponda aliwaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha akafanya hivi, na mimi nilikuwa mbele, nimekaa chini miguuni pake, nilimwona kwa macho yangu. Alinyoosha mkono wa shati jeupe kuelekea mpakani.

"Jamani, kwani tatizo liko wapi? Mungu ametupa korongo. Tuwape vijana toroli, wamwage pale. Mvua zinakuja, taka zitakwenda zenyewe. Kule chini ni kwa Wazambia. Watazoa wao!"

Uwanja ulilipuka. Watu walishikana mabega kwa kucheka. Na Mama yangu naye alicheka, kiganja mdomoni, maana ulikuwa utani kama ule wa kwake na wifi yake. Neema alicheka kwa sababu Mama amecheka. Kalinga hakucheka. Alitazama viatu vyake. Yule ndiye aliyesomeshwa mambo ya maji na uchafu, kazi yake ilikuwa kuinua mkono na kusema hapana, na hakuuinua.

Hivyo mgomo ukaishia hapo. Vijana walipewa toroli, soko likasafishwa siku chache, na taka zote za mji zikaenda korongoni. Mama na wenzake wakawa wanakaa nyumbani wakisubiri kuitwa. Sisi watoto tulifurahi, kwa sababu jalala sasa lilikuwa nyuma ya choo chetu, na makopo tulijiokotea wenyewe.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana na radi zake. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Korongo lilijaa, likabeba ganda la ndizi, likabeba matenga, likabeba mbuzi mfu aliyevimba, vyote vikapita mbele yetu vikizunguka, vikalipita jiwe la mpaka. Wanaume walipunga mikono: "Safari njema! Msisahau pasi!" Sikaponda alipita na mwavuli akipongezwa. Mimi nilijua kwamba vile vitu vimekwenda mbali. Kwa mtoto, nchi nyingine ni mbali, hata kama unaiona ukiwa chooni.

Kesho yake tukachukua ndoo, tukaenda kwa Shangazi kuchota.

Mnaona? Hakuna hata mmoja aliyesita. Tulitupa taka Zambia kama watu wanaotupa mwezini, halafu tukateremka huko huko kunywa maji. Wenye akili, wasio na akili, wazee wa kanisa, wote na ndoo zetu. Korongo lilikuwa linapita hatua chache tu juu ya ua wa Shangazi.

Shangazi ndiye aliyekuja. Alivuka na jagi lililofunikwa sahani, hakutania hata kidogo. Alimfunulia Mama. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya kurudia na juu yake yalielea maganda ya vitunguu.

"Wifi, hivi vitunguu ni vyangu?" aliuliza. "Mimi sijapika vitunguu wiki hii."

Wakaenda pamoja ofisini kwa mwenyekiti, nami nikafuata kwa sababu nilitumwa kumbeba Neema. Kalinga alikuwepo. Shangazi akaweka jagi mezani. Sikaponda alilitazama kama mtu aliyeletewa panya.

"Mama, wewe ni wa upande ule," alisema. "Nenda kwa viongozi wenu."

"Nitakwenda. Ila wanaochota kwangu ni watu wako, baba. Ona huyu," akamwonyesha Neema. "Huyu anakunywa wapi?"

"Tusichanganye mambo ya nchi mbili."

Shangazi akamgeukia Kalinga. "Na wewe, bwana afya? Haya maji yananyweka?"

Kalinga aliyatazama yale maji. Kisha akasema, "Mchuje."

Neno moja. Mchuje. Mtu wa serikali amesema mchuje, basi mtaa mzima ukachuja. Mama alikunja kanga yake nzuri mara mbili, akaifunga mdomoni mwa mtungi, akamimina. Maji yalitoka meupe. Alituonyesha kwenye kikombe, akafurahi, kwamba ona, yamekuwa kama ya zamani. Tukanywa. Mkaa wa kuchemshia maji ya kunywa hakuna aliyekuwa nao, na hakuna aliyetuambia tuchemshe.

Nikaanza mimi. Neema akafuata jioni yake. Yaliyofuata nimeshawaambia hapo juu, na sitayarudia.

Tulikuwa wengi katika yale madarasa, na si wote tuliotoka. Wapo wazee wa mtaa huu wanaokumbuka vizuri, lakini wanachokumbuka ni hiki: kipindupindu kililetwa na mgomo. Ndivyo Sikaponda alivyosema kabla hata udongo wa makaburi haujakauka. Alizunguka na kipaza sauti kwenye gari la kukodi, akatangaza kuwa tamaa ya watu wachache imeua watoto wa mji. Kanisani mzee mmoja aliomba kwa sauti ili Mungu awasamehe waliotuletea balaa, na watu waligeuka kumtazama Mama. Alihamia benchi la nyuma, la wanaochelewa, akakaa hapo maisha yake yote yaliyobaki. Mama Jeni alikataa kumpa mkono miaka na miaka, na kipindupindu kilishaondoka zamani.

Kule Nakonde walikifukia kisima cha Shangazi. Tangu hapo yeye na Mama walipokutana walisalimiana kwa heshima, kama wageni, na hilo lilinitisha kuliko kama wangegombana.

Mama alirudi kwenye fagio. Mshahara ule ule, mikono mitupu ile ile. Hakuomba tena kitu. Nilipokuwa kijana nilimsikia jioni akiwa anaosha miguu, akijisemea: "Ningeshika fagio tu. Ningeshika tu fagio." Nami niliamini hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na mtaa.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Mvua ilinikuta nikitoka kupima turubai la lori karibu na lile korongo. Niliona mifuko ya plastiki inateremka, nikawa naitazama, halafu miguu yangu ikaanza kuifuata. Nilitembea pembeni ya maji mpaka nikalipita jiwe la mpaka, mpaka nikafika penye ua wa Shangazi, na pale penye udongo uliobonyea, palipokuwa na kisima, maji ya korongo yalikuwa yamejaa na mifuko inazunguka juu yake. Nilisimama pale nimelowa. Nikauona ule mkono wa shati jeupe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona kilichomuua mdogo wangu kilipitia wapi, na hakikupitia mikononi mwa mama yangu.

Nilikwenda moja kwa moja kumwambia. Alikuwa mgonjwa tayari, mgongo umekwisha, analala upande mmoja. Nilimweleza yote, korongo, kisima, mchuje. Alinisikiliza. Kisha akanishika mkono, akasema, "Asante, mwanangu. Lakini hao wamesema kwa kipaza sauti, na wewe unaniambia chumbani." Tulimzika mwaka huo huo, na watu walipokuwa wanatoka makaburini nilimsikia mmoja akimweleza mwenzake marehemu ni nani: "Yule wa ule mgomo."

Mwaka huu wazoa taka wa mji wetu wamegoma tena. Ni vijana sasa, na akina mama wenye vizibao vya kung'aa, na toroli zimekuwa guta za magurudumu matatu. Madai ni yale yale, mshahara na buti. Mabishano pia ni yale yale; nayasikia siku nzima nikiwa nimeketi juu ya turubai langu, madereva wanasema hivi, bodaboda wanasema vile. Juzi likafanyika kongamano la wananchi. Akaletwa Yoramu Sikaponda, mzee sasa, akapewa kiti cha mbele na maji ya chupa, kwa kuwa eti ana uzoefu. Akashika kipaza sauti. Akasema, "Vijana, mimi nilikuwepo. Niliona mgomo kama huu ukiua watoto hapa hapa." Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Binti mmoja wa wale wenye vizibao alianza kulia na kuomba radhi, na hajafanya kosa lolote. Halafu kijana mmoja, wala hakuwa mtu mbaya, akauliza kwa nini taka zisisogezwe kwenye korongo kwanza wakati mazungumzo yanaendelea. Na Sikaponda akanyamaza. Alijua, na akanyamaza, akanywa maji yake ya chupa.

Nilinyoosha mkono. Mwendesha mkutano aliniona, akasema muda umekwisha.

Basi nauliza hapa. Mzee Sikaponda, nani alinyoosha mkono kuelekea korongoni? Aliyekuletea jagi mezani ulimjibu nini? Na wewe Kalinga, umestaafu, una shamba lako la kahawa Mbozi na afya njema, nani alituambia tuchuje? Kongamano linaendelea wiki ijayo. Njooni wote wawili. Msije kunililia mimi, wala sitaki pole yenu. Chukueni kipaza sauti mseme mbele ya wale mabinti wenye vizibao, mbele ya Mama Jeni ambaye bado yuko hai na bado anasimulia, kwamba mama yake Neema hakumuua Neema. Mtaje jina la aliyeua. Mnalijua. Mtaje.